MGENI NA SIKU YAKE YA KUPUMZIKA

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Darsa la Ijumaa hii linawahusu watu ambao wengi wao hawamo katika safu zetu leo. Ni watoto wetu, wadogo zetu na waume wa dada zetu walio Dubai, Sharjah, Maskati, Guangzhou, Madina, na wengine Ulaya na Marekani. Hapa Lubumbashi ni vigumu kupata nyumba ya Mwislamu isiyo na mtu mmoja huko nje. Tunawaombea riziki, tunawaombea karatasi zao zitoke salama, tunawaombea wasiugue. Lakini kuna jambo moja hatuwaombei kwa sababu hatulifahamu, nalo ni wakati wao wa bure. Kijana mmoja anayefanya kazi katika depo la mizigo huko Imarati alituandikia kwenye simu: Baba Shehe, kazi naiweza, joto naliweza, hata chakula chao nimekizoea, kinachonishinda ni siku ya kupumzika. Analala mpaka adhuhuri, anaamka kichwa kizito, anaangalia simu mpaka usiku, na kesho yake anakwenda kazini amechoka kuliko alivyokuwa kabla ya kupumzika.

Msimcheke. Mtu aliyekulia Kamalondo au Kasongo hajui upweke. Hapa ukikaa bure, mtu atapita na kukusalimu, mama atakutuma sokoni, kutakuwa na kilio au ndoa mtaani, watoto watapiga kelele. Wakati wetu unajazwa na watu wengine. Akifika ugenini, mambo yote hayo yanakatika kwa siku moja, na anabaki na chumba cha vitanda sita au vinane, watu wa lugha nyingine, na saa ambazo hakuna anayezidai. Ndipo shetani anapofungua duka.

Ibn Abbas (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.), na Imamu Bukhari ameiandika, hadithi inayotueleza kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi hupunjika ndani yake: afya, na nafasi ya wakati. Wanachuoni wameeleza kwamba neno lililotumika hapo ni neno la biashara. Ni kama mtu aliyeuza mali yake kwa bei ya hasara, au aliyenunua kitu kibovu kwa bei ya kizima. Sasa tazameni kijana wetu wa ugenini. Ana miaka 25, hana ugonjwa, na ana siku nzima mkononi. Neema zote mbili anazo kwa pamoja, jambo ambalo baba yake hapa, mwenye shinikizo la damu na watoto tisa, halijui tena. Naye anaziita tabu! Wasemao Kifaransa wana neno lao: kuua wakati. Mimi neno hilo silipendi. Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Suratul Asr, na mtu haui kitu ambacho Mola wake amekiapia.

WALIOTANGULIA NAO WALITAMANI KWAO

Kabla ya kumpa mgeni mashauri, kwanza tumwondolee aibu. Wako wanaodhani kwamba kutamani nyumbani ni udhaifu wa imani, hasa wale walioko Madina yenyewe kwa masomo. Wanasema: niko katika mji wa Mtume, vipi moyo wangu uwe Katuba? Basi wajue kwamba waliohamia Madina mara ya kwanza, Muhajirina wenyewe, walipatwa na jambo hilo. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba walipofika, Abubakar na Bilali walishikwa na homa. Bilali, homa ikimwachia kidogo, alikuwa akiinua sauti kwa mashairi, akitamani kulala tena walau usiku mmoja katika bonde la Makka, penye majani aliyoyazoea. Huyu ni Bilali! Yule aliyelazwa juu ya mchanga wa moto wa Makka hiyohiyo na mawe juu ya kifua. Mji uliomtesa bado aliutamani, kwa sababu ndipo alipozoea.

Mtume (S.A.W.) alipoelezwa habari hiyo hakuwakemea. Aliomba dua. Ukiiangalia dua hiyo utakuta ina mambo ya kumfaa kila mgeni. Aliomba Madina ipendezwe kwao kama Makka au zaidi. Aliomba hewa yake iwe ya afya. Na aliomba baraka katika pishi na kibaba chake, maana yake vipimo vya soko. Mapenzi ya mahali, afya, na riziki ya mahali. Wengi wetu tukienda nje tunaomba riziki tu, na moyo tunauacha nyumbani.

Na Mtume (S.A.W.) alijua pia mpaka wa subira ya kijana. Malik bin Huwayrith (R.A.) alikuja Madina pamoja na vijana wenzake waliokaribiana umri, wakakaa kwake siku ishirini. Mtume akaona kwamba wameanza kuwatamani watu wao. Akawauliza waliowaacha nyumbani, kisha akawaruhusu warudi, wawafundishe jamaa zao, waswali kama walivyomuona akiswali, mmoja wao aadhini na mkubwa wao awe imamu. Siku ishirini, ndugu zangu, na mbele ya Mtume mwenyewe! Sisi tunampeleka mtoto wa miaka 19 mahali asipojua hata mtu mmoja, kwa miaka miwili au minne, kisha tunashangaa sauti yake ikiwa ndogo kwenye simu.

Jambo la kuangalia katika hadithi hiyo ni kwamba siku ishirini zile hazikupita bure. Walirudi na elimu ya kutosha kuendesha jamaa nzima. Huyo ndiye mgeni aliyejua kutumia siku zake.

TUANZE NA SWALA, MAANA HAPO NDIPO WENGI WANAPOTELEZA

Wako vijana wetu walio nje mwaka wa pili sasa, wana mkataba, wana kitanda, wana kadi ya mkaazi, na bado wanapunguza swala na kuacha Ijumaa wakisema: mimi ni msafiri. Hapana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu huku mashariki, mtu akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika na anaswali kamili. Kwa Imamu Abu Hanifa ni siku 15. Kwa hiyo mwenye mkataba wa miaka miwili si msafiri kwa madhehebu yoyote kati ya hayo mawili. Swala yake ni kamili na Ijumaa inamlazimu, ingawa Mashafi wanasema hahesabiwi katika wale arobaini, kwa kuwa nia yake ni kurudi kwao.

Hali ya mfanyabiashara ni tofauti. Yuko Guangzhou, amelipa nusu ya bei ya bidhaa, na mwenye kiwanda anamwambia kila siku: njoo kesho. Huyu hajui atatoka lini, haja yake inaweza kuisha leo au kesho. Mashafi wamemruhusu kupunguza mpaka siku 18, kisha anatimiza. Wenye maduka wa hapa mjini wanaijua sana subira hiyo ya hoteli, ya kuhesabu dola huku konteneri haijafungwa. Nawakumbusha kwamba Guangzhou ni mji wa misikiti ya zamani sana, Huaisheng ukiwa mmoja wao, na kwamba kuna kaburi ambalo Waislamu wa huko wanasema ni la Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Wanahistoria wanalitilia shaka jambo hilo, nasi hatulijengi juu ya imani yetu. Lakini siku ya Ijumaa pale utawaona Wachina, Waarabu, Wahausa na Wakongomani katika safu moja. Mtu anayekaa hotelini akiangalia televisheni asiyoifahamu, na msikiti upo mwendo wa basi, amejinyima mwenyewe.

Huko Imarati mambo ya siku yamebadilika. Zamani Ijumaa ilikuwa siku kamili ya kupumzika. Tangu Januari 2022 serikali yao ilihamisha mapumziko kwenye Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ikawa nusu siku ofisini. Makampuni ya watu binafsi yana ratiba zao. Mzazi anayempigia mwanawe asimwambie tu: leo kwenu ni sikukuu. Amuulize: je, kwenye kazi yako unapata nafasi ya Ijumaa? Kama hapati, aende kwa msimamizi kwa adabu, aombe ruhusa ya saa moja na aahidi kuirudisha jioni. Nchi ile ni ya Waislamu, na mara nyingi anayeomba hupewa. Asiyeomba ndiye anayekaa akinung'unika.

SIMU

Sasa tufike kwenye simu, na hapa nitakaa kidogo.

Saa ya Dubai imetangulia saa mbili mbele ya saa ya Lubumbashi. Ni jambo dogo, lakini lisikilizeni vizuri. Mtoto wenu anamaliza kazi, anaoga, anaswali Isha, anakula. Kule ni saa nne ya usiku, hapa ni saa mbili, ndipo sisi tunapoanza kupata nafasi. Mnaanza kuongea. Kundi la jamaa linachangamka, huyu anatuma picha, yule sauti, mwingine vichekesho. Ninyi mnalala saa sita ya usiku, mmechelewa kidogo tu. Kule ni saa nane. Na wakati wa kiangazi chao alfajiri inaingia karibu saa kumi, na gari la kuwachukua wafanyakazi haliko mbali nyuma yake. Kwa hiyo ama anakosa Alfajiri, ama anakwenda kazini bila usingizi, na jua lao mnalijua kwa habari. Sisi wenyewe, kwa mapenzi yetu, tumemla usiku wake.

Tena mtu wa namna hiyo hakai mahali popote. Mwili wake uko Sharjah na moyo wake uko barabara ya Kasapa. Anajua nani amegombana na nani mtaani kwetu, lakini hajui jina la jirani wa kitanda cha juu. Miaka miwili inapita hajajifunza Kiarabu cha kununulia mkate. Ningeshauri familia ziweke siku na saa: mara mbili kwa juma, mazungumzo ya kweli, na si ya kuomba feza tu. Umuulize amekula nini, amemaliza sura gani, rafiki yake ni nani. Kisha umwache alale.

Na kuna lililo baya zaidi katika simu hiyohiyo. Pari za mpira zimeingia mifukoni. Mtu mwenye siku nzima bila kazi, mwenye mshahara umeingia jana, na mwenye haya ya kutuma kidogo nyumbani, ndiye anayefaa sana kwa watu wa kamari. Anajiambia kwamba ataongeza kidogo ili atume nyingi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida ameiunganisha kamari na pombe, akaziita uchafu wa kazi ya shetani, na akatuamuru tuepukane nayo. Wako waliorudi hapa mikono mitupu, na familia ikadhani wamerogwa. Hakuna uchawi. Ni siku za kupumzika mia moja zilizokosa mwenyewe. Na picha chafu za usiku sina haja ya kuzieleza ndani ya karatasi inayosomwa na watoto. Mwenye nazo anajijua, na dawa yake ya kwanza ni kulala pamoja na watu na kuiacha simu mbali na kitanda.

AFANYE NINI BASI

Mtu akiambiwa acha hiki na kile, na hakupewa cha kushika, atarudi alikotoka. Kwa hiyo tuseme ya kufanya.

La kwanza ni Qur'ani, na nataka tulifanyie hesabu kwa sababu maneno matupu hayamfai mtu aliyechoka. Msahafu wa Madina una kurasa 604, na kila ukurasa una mistari 15. Juzuu Amma, ile ya mwisho, ni kurasa 23. Zizidishe: ni mistari 345. Mtu akihifadhi mstari mmoja tu kwa siku, mstari mmoja, atamaliza Juzuu Amma nzima kabla ya mwaka kutimia. Akichukua nusu ukurasa kwa siku, atamaliza msahafu wote kwa siku 1208, yaani miaka mitatu na karibu miezi minne. Mwanafunzi wa chuo kikuu anakaa zaidi ya hapo. Nusu ukurasa unaweza kushikwa kati ya Alfajiri na kifungua kinywa, na siku ya kupumzika ikawa ya kurudia yale ya juma zima mbele ya mtu mwingine. Nasisitiza mbele ya mtu mwingine, kwa sababu anayejisikiliza mwenyewe hujisamehe sana.

La pili ni lugha. Wasio na Kiarabu wakikifuata watakipata bure barabarani na msikitini. Katika miji mingi ya Saudia zimekuwepo ofisi za jaliyat, zenye madarasa kwa ajili ya wageni kwa lugha mbalimbali. Huko Maskati, mtu wetu anaweza kushangaa kujibiwa kwa Kiswahili na mzee mwenye kanzu na kofia ya Kiomani: hao ni watu ambao wazazi wao au wao wenyewe walitoka Unguja na pwani, wengi baada ya mapinduzi ya 1964. Waende kuwasalimu. Mgeni mwenye lugha moja na mwenyeji ameshapata nusu ya nyumba.

Na tukitaja Unguja na Omani, nikumbushe habari ya marehemu Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Alikuwa waziri wa mambo ya nje wa serikali ya Zanzibar iliyopata uhuru Desemba 1963. Mwezi uliofuata ikapinduliwa, naye akafungwa gerezani kiasi cha miaka kumi. Alipotoka aliishi ugenini mpaka alipofariki mwaka 2006. Mtu wa namna hiyo, aliyepoteza cheo, mji na ujana wake, angekuwa na sababu zote za kukaa barazani na kulaumu mpaka siku ya kufa. Sisemi lolote juu ya siasa yake, kila mtu na maoni yake. Nasema kwamba mwaka 1995 ilitoka tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili, na hiyo ni kazi ambayo haifanywi na mtu asiyejua kushika saa zake.

La tatu ni mikono. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika Madina, Saad bin Rabii alimpa nusu ya mali yake. Akamwombea baraka na akaomba aonyeshwe soko tu. Akaanza na jibini kavu na samli, na haukupita muda akaoa. Kijana wetu anayebeba mizigo mchana, kama siku ya kupumzika atamwangalia mwenzake Mpakistani anavyotengeneza mashine za hewa baridi au fundi wa Kihindi anavyochora nyaya za umeme, atarudi hapa na kazi mkononi. Konteneri ya nguo inaisha kuuzwa, ufundi hauishi. Aangalie tu sheria za pale, asifanye kazi ya malipo isiyo katika kibali chake akajikuta gerezani.

Halafu kuna watu. Wakongomani wakiwa watano mahali pamoja wanaweza kuanzisha likelemba, kila mtu anatoa kitu mwisho wa mwezi na mmoja anapokea. Faida yake si feza peke yake. Siku ya kukusanya ni siku ya kuonana, wanapika ugali na sombe ikipatikana, wanajua nani hakuja na kwa nini. Wawe na zamu ya kumtembelea mgonjwa hospitalini. Mgonjwa wa ugenini ana tabu mbili, ya mwili na ya kutokuwa na anayeingia saa ya kutembelea. Na akifa mwenzao, au hata mgeni asiyejulikana, wasimame kumswalia na kumfuata mpaka kaburini. Mtume (S.A.W.) ameeleza thawabu ya hayo mawili kuwa ni kirati mbili, kila moja kama mlima mkubwa. Nani hapa mjini ana nafasi ya kuokota milima hiyo kila juma? Mgeni anayo.

Wala tusimfanye mgeni kuwa mtawa. Hanzala (R.A.) alidhani amekuwa mnafiki kwa sababu alicheka na watoto wake baada ya kutoka kwa Mtume (S.A.W.), naye akamfahamisha kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi na Mtume akiangalia. Basi apige mpira, atembee ufukweni, apike, acheke. Na alale mchana kidogo, kailula ni sunna. Huko Imarati kuanzia 15 Juni mpaka 15 Septemba kazi za juani zinasimamishwa saa sita na nusu mpaka saa tisa mchana. Anayejua dini yake atazigawa saa hizo: Adhuhuri kwa jamaa, usingizi mfupi, na ukurasa mmoja. Mwingine atazimaliza kwa mega za simu chini ya kivuli.

WASIO NA SIKU YA KUPUMZIKA

Nimeongea kama kwamba kila mgeni ana siku yake. Mama na dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani huko Ghuba wengi hawana. Tabu yao si wakati mwingi, bali ni siku zinazofanana, ndani ya nyumba ya watu, bila wa kuongea naye. Upweke huo ni mzito kuliko ule wa kijana wa depo, na kumwambia mtu wa namna hiyo aende darsani ni kumdhihaki. Sheria ya Imarati ya 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake, zimetaja siku moja ya kupumzika kwa juma. Anayekwenda aijue kabla ya kutia sahihi, na jamaa wabaki na nakala ya mkataba na ya pasipoti yake. Katika hadithi ya Abu Dharr (R.A.) Mtume (S.A.W.) aliamuru wanaotumika chini ya mikono yetu wahesabiwe ndugu, walishwe tunachokula, na wasibebeshwe wasiyoyaweza. Mwenye nyumba anayemnyima binti wa watu usingizi na simu hana hoja kwa kuwa anaswali.

Kwa hao, mfano wao ni Asma binti Umays (R.A.). Alihamia Uhabeshi na mumewe Jaafar, akazaa huko watoto watatu, akakaa miaka mingi katika nchi ya mbali, mpaka mwaka wa 7 wa Hijra. Aliporudi, Omar akamwambia kwamba wao wa Madina wamewatangulia kwa hijra. Akakasirika, na alikuwa na haki. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.), akaeleza jinsi walivyokaa mbali, katika hofu na maudhi. Mtume akamhukumia kwamba watu wa jahazi wana hijra mbili, na wale wengine moja. Upweke wa yule mama ulihesabiwa. Dada aliyeko jikoni kwa watu, anayemtaja Mola wake kwa ulimi huku akiosha vyombo, hana msikiti wala kundi, lakini hakupotewa na wakati wake.

WENYE KUBAKI

Imebaki habari ya wake walioachwa hapa. Safari, alisema Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Abu Huraira, ni sehemu ya adhabu, na akaagiza kwamba mtu akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Imepokelewa kwamba Omar (R.A.), akizunguka usiku, alimsikia mwanamke akilalamika kwa kukosa mumewe aliyeko vitani. Akamuuliza binti yake Hafsa ni muda gani mwanamke anaweza kuvumilia, kisha akaweka mpaka kwa askari wake. Riwaya zinatofautiana kati ya miezi 4 na 6.

Leo tuna wanaume wa miaka mitatu, minne, na mke yupo kwa mama mkwe. Mume anasema tiketi ni ghali. Tiketi ni ghali kweli. Lakini huyohuyo amebadilisha simu mara mbili. Mkubwa wa familia, kabla ya kumruhusu kijana aliyeoa, amuulize mbele ya mke: unarudi lini, nani atamtazama, na kama muda ukipita mke anakubali au hakubali? Jibu liandikwe. Kama mke hakuridhika na muda mrefu, haki yake haifutwi na feza za kila mwezi.

Wenye ndugu nje waje kwa mwandishi wa jumuiya baada ya swala, watoe jina la mji tu na namba ya simu ya ndugu yao kama amekubali. Tunataka kuwaunganisha walio katika mji mmoja, maana tumekuta vijana wawili wa mtaa mmoja wakikaa Sharjah mwaka mzima bila kujuana. Wale wanaosafiri mwezi huu wabaki kidogo chini ya mti, tuwaeleze hukumu za swala ya msafiri na namna ya kutafuta kibla katika hoteli.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.